Virusi baadaye, kwanza tuotesheeni usaha

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nywele zangu nyeusi na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari ya virusi vinavyoua bakteria, eti "tiba mpya" badala ya antibayotiki, imenikaa kooni. Mpya tangu lini? Mtafiti Félix d'Herelle alivipa jina la bakteriofaji huko Paris mwaka 1917, penisilini haijajulikana. Tbilisi, Georgia, wana taasisi ya kazi hiyo tangu 1923, na wagonjwa wanatibiwa mpaka leo.

Tuache tarehe. Mwandishi wenu ameruka pale penyewe: kirusi kimoja hakiui kila bakteria, kila kimoja na wake. Yule Tom Patterson, profesa wa San Diego, Marekani, aliyekuwa mahututi kwa bakteria sugu, alipona 2016 kwa sababu maabara ilishamjua bakteria wake kwa jina, ndipo vikatafutwa virusi vya kumkabili. Sisi nani anatutajia jina? Mke wangu alikuwa na kidonda cha kisukari kisiginoni. Hospitali moja, siitaji, ikachukua usaha kwa pamba siku ya Ijumaa ili uoteshwe maabara, bakteria wake ajulikane. Rudi Jumatano. Jumatano, vifaa vya kuoteshea vimeisha, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo mtaalamu yuko semina. Muda wote huo anameza rangi mbili, zile antibayotiki za vidonge vya rangi mbili, zikashindwa, akachomwa sindano, zikashindwa, akaandikiwa vidonge vya bei mbaya, na kila daktari neno lake ni "tujaribu hii". Kisigino kikanuka mpaka jirani akauliza kama kuna panya kafia darini. Wakamkata mguu chini ya goti. Siku ya nne baada ya kukatwa, majibu hayo: bakteria aitwaye Pseudomonas. Rangi mbili haijawahi kumfanya kitu huyo mdudu, hata angemeza debe.

Na kijana wa duka la dawa mtaani kwetu bado anazipima hizo rangi mbili, nne nne kwenye kikaratasi kama karanga, kwa mwenye mafua na mwenye kuku.

Nasikia virusi hivyo hupatikana tele kwenye maji taka, hata vya Patterson vingine vilitoka huko. Basi hao watafiti wa virusi waje Tanga. Mtaro wa nyuma ya soko umeziba tangu masika, halmashauri imetutunzia vizuri kabisa. Ndoo ninazo mbili, tochi nitawashikia mwenyewe. Wao waje tu na boksi moja la vifaa vya kuoteshea.

Mwalimu mstaafu,
Tanga