Salamu za Sikukuu ya Shukrani: tuanze sasa, mwanga ungalipo

Assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo? Nawasalimu kutoka Hamilton, Ontario, nyinyi mlio Toronto, Ottawa na Edmonton, pamoja na wa nyumbani kule Tanga, Mombasa, Bujumbura na Bukavu mnaotuulizia kama baridi imeshatufikia. Bado haijauma. Asubuhi tunatoka na sweta, mchana tunalibeba mkononi.

Jumatatu ya pili ya Oktoba Kanada inapumzika kwa Sikukuu ya Shukrani. Siku hiyo iliwekwa rasmi mwaka 1957, iwe ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa mavuno. Majirani zetu wa Marekani wanaisubiri hadi Alhamisi ya nne ya Novemba, lakini huku kwetu kufikia wakati huo mashamba yamekwisha kulala. Nawatakieni heri, afya njema na meza yenye watu. Bata mzinga si lazima. Pilau ya kuku inatosha kabisa.

Mwaka huu salamu zangu zina ombi ndani yake. Wengi wetu tuliozaliwa karibu na ikweta hatukulelewa na majira haya ya majani kupukutika. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Hapa Juni tunapata zaidi ya saa 15 za mwanga kwa siku, na Desemba zinabaki kama 9. Oktoba hii kila siku inapunguzwa karibu dakika 3, kidogo kidogo, hata huhisi. Kisha Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na kesho yake mtu anatoka kazini saa kumi na moja jioni anakuta giza linaingia. Hapo ndipo simu zinapoanza kupungua. Aliyekuwa hakosi kwaya anakosa, aliyekuwa akipita kusalimia hapiti tena, na watoto kila mmoja anajifungia chumbani na simu yake. Nimewaona wenzetu wachangamfu wakinyamaza kuanzia Novemba hadi Aprili, na ukiwauliza wanakwambia ni baridi tu.

Mimi siamini kwamba ni baridi tu. Naamini giza linawakuta hawana desturi ya kushika. Nyumbani desturi zetu zilibebwa na vitu ambavyo hatukuviunda sisi: baraza la jirani, adhana, kengele ya kanisa, mama muuza vitumbua anayepita alfajiri, mtu anayepiga hodi bila taarifa. Huku vitu hivyo havipo, au vipo mbali. Inabidi tuunde vyetu, vidogo vya kila siku, na tuviunde mwezi huu, maana ikifika Novemba mwili unakataa kuanza jambo jipya. Lililokwisha kuzoeleka haulikatai.

Katika hili wenyeji wa ardhi hii wana la kutufundisha. Kusini magharibi ya Hamilton, mwendo mfupi tu wa gari, wanaishi Wahaudenosaunee wa Six Nations kando ya Grand River: Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga, Waseneca na Watuscarora. Kabla ya mkutano au sherehe yao, mtu mmoja husimama na kusema maneno ya shukrani yanayotangulia mengine yote. Anaanza na watu waliokusanyika, anaishukuru ardhi, anakwenda kwenye maji, samaki, mimea, mazao ya chakula, dawa za miti, wanyama, miti, ndege, pepo nne, radi, jua, mwezi, nyota, hadi kwa Muumba. Kila kimoja kinashukuriwa, na waliopo wanaitikia kwamba sasa nia zao ni moja. Hawasubiri mwaka uzunguke ndipo washukuru.

Hayo ni maneno yao, wala sisemi tuyachukue yawe yetu. Lakini utaratibu ule wa kushukuru kitu kimoja kimoja kwa jina umenigusa sana. Nyumbani kwangu, kabla watoto hawajavaa mabegi ya shule, kila mmoja anataja kitu kimoja anachokishukuru, na hairuhusiwi kurudia cha jana. Siku za mwanzo walitaja mambo makubwa: uhai, wazazi, nyumba. Hayo yalipokwisha wakalazimika kuangalia vizuri. Juzi mdogo akashukuru mvuke wa chai, kwa sababu unamkanda uso. Mkubwa akamshukuru dereva wa basi, ambaye alimwona anakimbia akamngoja. Inachukua muda wa kufunga kamba za viatu tu.

Na tukiwataja wenyeji, tusiipite tarehe 30 Septemba kana kwamba haituhusu. Tangu 2021 ni siku ya kitaifa ya kuwakumbuka watoto wao waliochukuliwa na kupelekwa shule za bweni, wakanyang'anywa lugha na mavazi yao. Mashati ya rangi ya chungwa mnayoona watoto wetu wakiyavaa siku hiyo yametokana na kisa cha Phyllis Webstad, ambaye mwaka 1973, akiwa na miaka 6, alivuliwa shati jipya alilonunuliwa na bibi yake. Hakurudishiwa. Katika sisi wamo waliokimbia makwao kwa vita, na wamo waliopigwa shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Watoto wetu tuwaeleze. Shukrani yetu katika nchi hii haikamiliki bila habari hiyo.

Sasa nije jikoni, maana huko ndiko nilikokuwa na hamu ya kufika.

Oktoba ndio mwezi wa maboga. Yamepangwa kwenye ngazi za nyumba, mbele ya maduka, kwenye malango ya mashamba. Mengi yatachongwa macho na meno kwa ajili ya usiku wa Halloween, tarehe 31, kisha yaoze. Lile kubwa la rangi ya chungwa linalochongwa usilinunue kwa kula: lina maji mengi na nyuzinyuzi. Tafuta kabocha, lile dogo bapa lenye ganda la kijani kibichi. Nyama yake ni kavu na tamu, na mimi sijaona jingine linalokaribia boga la nyumbani kama hilo. Ganda ni gumu, kwa hiyo kisu kiingize taratibu kando ya kikonyo, usilazimishe. Mbegu usitupe. Zioshe, zikaushe, uzikaange na chumvi. Vipande vichemshe katika tui jepesi pamoja na iliki iliyopondwa, sukari kidogo na chumvi ya kuonja, sufuria ukiifunika nusu. Boga likianza kukubali kijiko mimina tui zito, punguza moto, na usikoroge, tikisa sufuria tu ili vipande visivunjike. Tui la kopo linafaa. Liache lituame, maji ya chini yawe tui jepesi na mafuta ya juu yawe tui zito.

Hilo tunalipika kila Jumapili hadi maboga yaishe madukani, na bakuli moja linatoka nje ya nyumba. Linakwenda kwa jirani. Mara ya kwanza yule bibi wa nyumba ya pili, ambaye tulikuwa tukipungiana mikono tu, alilipokea kwa mashaka kidogo. Bakuli lilirudi na matufaha kutoka kwenye mti wake. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu chombo hakirudi kitupu.

Ukitaka kuwafundisha watoto kitu mezani, waambie habari ya mahindi, maharage na maboga. Wahaudenosaunee wanayaita dada watatu, na tangu zamani wanayapanda pamoja: mhindi unakuwa mti wa mharage kutambalia, mharage unarutubisha udongo, na majani mapana ya mmea wa boga yanafunika ardhi isikauke na magugu yasiote. Aliyelima milima ya Uluguru au Kivu akisikia hivyo atacheka kwa furaha, maana ndivyo shamba la bibi yake lilivyokuwa. Na mazao hayo asili yake ni bara hili. Yalivuka bahari baada ya merikebu za Wazungu kuanza kusafiri kati ya mabara, yakafika kwetu, yakawa ugali na maharage tunayoapa kuwa ni chakula cha babu zetu. Tumekuja kuyakuta kwao.

Jambo la tatu ni matembezi. Sisi tunaosali tuna msaada mkubwa ambao pengine hatujauona: ratiba ya sala iliyobandikwa kwenye friji. Magharibi inawahi kwa karibu dakika 2 kila siku, na nyumba inayoifuata haishtukizwi na giza. Kwetu tumekubaliana kwamba nusu saa kabla ya Magharibi viatu viko miguuni na tuko nje. Mwanzoni mwa Oktoba matembezi yanakuwa baada ya chakula cha jioni, na mwishoni mwa Novemba yataangukia muda mfupi baada ya watoto kutoka shule. Aliye kazini wakati huo atoke mapumziko ya mchana, hata kwa kuzunguka jengo. Na ndugu zangu Wakristo, jua linazama kwenu vilevile, ratiba tutawaazima.

Hamilton tuna bahati ya genge la Niagara, ambalo wenyeji wanaliita Mlima, na juu yake msitu wa ile miti ambayo jani lake limo kwenye bendera ya Kanada tangu 1965. Watoto waliniuliza kwa nini majani ya mti mmoja ni ya manjano na ya jirani yake ni mekundu, nikajifunza ili niwajibu. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, rangi ya kijani inafifia, na manjano iliyokuwa imefunikwa inaonekana. Wekundu wenyewe unatengenezwa upya majira haya, kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na unakolea zaidi pale mchana unapokuwa na jua na usiku una ubaridi usiofikia kuganda. Kwa hiyo wekundu wa mwaka huu hautakuwa kama wa mwaka jana. Kila jioni mmoja wa watoto anachagua jani moja, moja tu, analiweka ndani ya daftari na kuandika tarehe. Ukifungua kurasa unaona mwezi ulivyokwenda.

Simu ya nyumbani nayo iwe na saa yake, isiwe ya kubahatisha. Sasa hivi Tanzania na Kenya zimetutangulia kwa saa 7, kwa hiyo nikimpigia mama Jumamosi saa nne asubuhi, Tanga ni saa kumi na moja jioni, ameshapumzika na yupo nje barazani. Novemba tofauti itakuwa saa 8. Nisipobadilisha, simu yangu itamkuta anatia udhu. Basi kuanzia Jumamosi ya kwanza baada ya saa kurudishwa nyuma nitapiga saa tatu. Jambo dogo, lakini wazee wanalisikia. Simu inayokuja saa ile ile huwa wanaisubiri, wanaweka habari akiba. Wiki hii mama amenieleza mvua za vuli zimeanza kunyesha na ameshatia mbegu ardhini. Kivu nako wamepanda tangu Septemba. Kwao ndiyo kwanza kunapandwa wakati huku tunavuna, na mazungumzo yetu yamepata uhai kwa hilo, hatuishii tena kwenye hela na maradhi.

Ila na sisi tunalo la kupanda. Kitunguu saumu Ontario kinapandwa sasa, katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, kabla ardhi haijaganda. Nunueni cha wakulima wa hapa, siyo kile cha supermaketi kilichosafiri kutoka mbali. Sisi tunakipata Soko la Wakulima la Hamilton, ambalo lipo tangu 1837. Tenganisha punje bila kuzimenya, chagua kubwa, zizike kina cha kama sentimita 5, ncha ikitazama juu, kila moja kiganja kimoja na nusu kutoka kwa mwenzake. Juu yake mwaga yale majani makavu uliyoyakusanya uani. Zitakaa chini ya theluji, zichipue majira ya kuchipua, na Julai utang'oa vitunguu kamili. Asiye na uani aombe tuta kwenye bustani ya mtaa, au atumie pipa kubwa lenye matundu.

Nyumbani kwetu kila punje inapandwa kwa jina la mtu. Mwaka jana tulipanda ya babu yao aliyefariki, ya shangazi aliyekuwa akisubiri viza, ya mwalimu, na ya rafiki aliyehamia Calgary. Wakati wa kung'oa watoto walikuwa wanakumbuka ya nani ipo wapi. Shangazi viza alipata Mei, na kitunguu chake alikila mwenyewe, kwenye kachumbari.

Jumatatu mlango wetu uko wazi kuanzia saa nane mchana. Anayekuja aje na mtu mmoja ambaye hajaonekana siku nyingi, hasa wale wanafunzi waliofika Septemba na hawana pa kwenda siku ya sikukuu. Pilau ipo, boga la nazi lipo, na punje za kitunguu saumu zipo za kumtosha kila mgeni. Vaeni viatu vya kukanyagia udongo, na muwe mmeshafikiria jina. Heri ya Sikukuu ya Shukrani.