Malalamiko: maharage yaliyobunguliwa kabla hayajafika kabatini

Morogoro
17 Machi 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja
Kampuni ya Kufungasha Nafaka
Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: WADUDU HAI KWENYE MAHARAGE YA NJANO YALIYOFUNGASHWA TAREHE 27 FEBRUARI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kaya tisa za mtaa wetu zilinunua kwa pamoja pakiti 36 za kilo moja moja, tukazipokea tarehe 4 Machi. Tulipozikagua kati ya tarehe 5 na 9, pakiti 31 zilikuwa na fukusi hai, vumbi la ungaunga chini, na punje zenye matundu. Mhudumu wenu alijibu kwa simu kwamba wadudu wametoka kwenye makabati yetu, akatushauri tuanike maharage juani na kutia pilipili kavu. Hatukubali majibu hayo.

Chukueni punje moja muiangalie kwenye mwanga. Juu ya ganda kuna vidoa vyeupe, vidogo kama chembe ya chumvi laini: hayo ni mayai, na yamenata kwenye ganda, hayapukutiki hata ukisugua kwa kidole. Funza akitotolewa hutoboa ganda papo hapo chini ya yai na kuingia ndani. Hula akiwa humo, na anapokaribia kugeuka fukusi huacha ngozi nyembamba tu ya ganda, ndiyo ile duara ya kijivu inayoonekana kama kijidirisha. Fukusi huisukuma akatoka, likabaki tundu la mviringo la kama milimita mbili. Kwa joto la huku kwetu safari hiyo, tangu yai hadi tundu, haipungui wiki tatu, na kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Kutoka siku mliyofungasha hadi pakiti ya kwanza kufunguliwa ni siku sita. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Tena makabati tisa ya nyumba tisa hayawezi kuugua ugonjwa mmoja wiki moja.

Tunavyoona, kosa liko kwenye kufukiza, yaani kuua wadudu kwa gesi kabla ya kufungasha. Gesi ya fosfini huua fukusi wazima upesi, lakini mayai na pupa (funza wanaogeuka kuwa fukusi) waliojificha ndani ya punje huistahimili zaidi. Turubai lililofunika magunia likivuja, au likifunuliwa baada ya siku mbili kwa sababu lori linasubiri, mtakuta wafu wengi juu ya magunia na kudhani kazi imekwisha, kumbe kizazi kijacho kiko salama ndani. Turubai lisilopitisha gesi, pindo zake zikilaliwa na mifuko ya mchanga pande zote, linatakiwa likae siku tano hadi saba, na zaidi kukiwa na baridi. Kisha wekeni kilo moja ya kila shehena kwenye chupa pana iliyofunikwa kitambaa, muiache siku 40 kabla ya kusema ni safi. Kama siku 40 ni nyingi kwa biashara yenu, pasueni punje 100 kwa kisu. Sisi tulipasua 100 kutoka pakiti moja, na 17 zilikuwa na funza au pupa.

Jambo la pili ni mfuko. Mmeutoboa matundu ya sindano, bila shaka ili hewa itoke na pakiti zipangike vizuri. Mfuko mzito usiopitisha hewa, uliojazwa sawasawa, ungewasaidia: wadudu wangemaliza oksijeni iliyomo wakaacha kula na kuzaana. Ninyi mnawapa hewa hadi rafuni dukani.

Ushauri uliochapwa nyuma ya pakiti, wa kuanika juani, kutia kijiko cha majivu na pilipili kavu, nao ufutwe. Kuanika juani kwenye ungo huwafukuza fukusi wazima tu. Wataruka na kuhamia kwenye maharage mengine. Jua huua walio ndani pale tu maharage yanapotandazwa kwa tabaka jembamba juu ya plastiki nyeusi, yakafunikwa plastiki angavu iliyobanwa kwa mawe pembeni, kwa saa mbili za jua kali. Majivu nayo si kijiko: kwa kunde, debe nne hutaka karibu debe tatu za majivu. Pilipili tuachieni ya mchuzi.

Badala yake andikeni hivi. Mwenye friza aweke pakiti nzima kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne, kisha aiache irudi kwenye joto la kawaida bila kuifungua, maana ikifunguliwa ingali baridi itatoa jasho na maharage yataota ukungu. Asiye na friza ajaze chupa kavu ya maji ya lita tano hadi shingoni, aikaze, asiiguse mwezi mzima. Mapya yasimwagwe juu ya ya zamani. Kabati lisafishwe kwa brashi kwenye nyufa na matundu ya skrubu. Kupuliza dawa juu ya rafu za chakula hakumfikii aliye ndani ya punje. Unga na mchele havina haja ya kutupwa, kwani fukusi huyu hali hivyo.

La hatari kuliko yote: wakala wenu sokoni alimwambia mmoja wetu aweke kidonge cha kufukizia ndani ya kabati la jikoni. Kidonge hicho kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua watu waliolala chumba cha pili. Mkatazeni leo, msisubiri kumaliza kusoma barua hii.

Tunadai mturudishie shilingi 136,800, yaani pakiti 36 kwa shilingi 3,800, na muiondoe madukani bechi hiyo. Pakiti tano zilizoonekana safi zimo kwenye hesabu kwa sababu ni za shehena ileile. Tukikosa majibu ya maandishi hadi tarehe 31 Machi, tutapeleka sampuli TBS (Shirika la Viwango Tanzania).

Pakiti mbili hatujazifungua. Ziko ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa, tarehe imeandikwa juu yake, na fukusi wanaonekana wakitembea ndani ya plastiki yenu. Mtu wenu anakaribishwa kuja kuzichukua.

Kwa niaba ya kaya tisa,

(Sahihi)
Mratibu wa manunuzi