Shangazi, jina moja sitakuletea

Shangazi, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Kamati yenu inataka kila mtu apendekeze jina la mtu mmoja aliyejitolea kuliko wote, apewe tuzo tarehe 5 Desemba. Siku mmeichagua vizuri. Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya watu wa kujitolea. Kinachonikaba ni hilo neno "mmoja".

Jamii ikiwa ndogo, mkimwita mtu mbele kila jicho linajua nani amebaki kitini. Na anayebaki mara nyingi ndiye mtunza funguo, anayepanga viti kabla hamjafika na kufagia mkishaondoka. Kazi yake huonekana siku asipokuja.

Niliwahi kukaa kwenye kamati kama hiyo. Tulipiga kura, akashinda mwenye ndugu wengi. Wiki iliyofuata mama aliyetutunzia hesabu kwa miaka alileta daftari la michango, limefungwa vizuri, akasema macho yamechoka. Hakulalamika hata kidogo. Mpaka leo hatujapata wa kumfikia.

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliwachunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora, baadaye walipoachwa wacheze watakavyo, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa cheti hichohicho bila kukitarajia hamu yao haikupungua. Watu wazima si watoto, najua (nakusikia ukinikatiza), lakini ndiyo maana naogopa tuzo inayotangazwa miezi mitatu kabla, watu wakaanza kuhesabiana saa za kazi.

Kwa hiyo fomu yenu isianze na "nani". Iulize: alifanya nini, lini, akamsaidia nani? Waulizeni waliosaidiwa, msiishie kwa viongozi. Likifika jina la ndugu wa mjumbe, mjumbe huyo atoke nje kwanza. Likiwa la binti yako, Shangazi, na wewe utoke, uenyekiti wako uuache mezani.

Siku yenyewe, maneno kama "mchango wake mkubwa" yaacheni. Yanamfaa yeyote, hata ambaye hakuja. Semeni kwamba alikaa hospitalini usiku nne na mtoto ambaye mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji. Watu watanyamaza wenyewe. Ila muulizeni kwanza kama anataka kutajwa, naye aliyesaidiwa pia. Wapo ambao kusimamishwa mbele ya watu ni adhabu kwao. Hao waandikieni barua kwa mkono.

Halafu mrudishieni nauli na pesa ya simu aliyotoa mfukoni mwaka mzima. Mtafutieni wa kumpokea zamu apumzike. Tafadhali msimpe cheo! Tuna tabia mbaya hiyo: mtu akifanya kazi vizuri, zawadi yake inakuwa kazi nyingine, na kiti kwenye kamati ya pili. Kisha tunashangaa amezima simu.

Karatasi yangu utaletewa kesho. Nimeandika matendo saba upande wa mbele, majina nimeyaweka nyuma. Wasomee wajumbe upande wa mbele kwanza, na usiigeuze mpaka muwe mmeamua.