Barua ya wazi kwa vijana mnaofunga umeme vijijini

Wanangu, salaam.

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Nguzo imefika, transfoma imefika, mita ya LUKU inasoma, lakini ukizunguka nyuma ya nyumba unakuta eathi rodi, ule mchuma wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, imekatwa kwa msumeno. Kipande cha shubiri mbili kimechomekwa kando ya msingi ili kionekane tu. Rodi moja ya futi nne imegawiwa nyumba tatu! Huo ni wizi, na atakayeulipia ni mtoto atakayeshika friji akiwa pekupeku.

Mjue umeme huu umetoka mbali. Wajerumani waliuwasha Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli na makazi yao. Baadaye, enzi za Waingereza, maji ya Pangani yakazalisha umeme wa mashamba ya mkonge Tanga. Mitambo ya umeme wa maji ya Kidatu ikaanza mwaka 1975, laini kubwa ikaja Dar kupitia Morogoro, na vijiji vilivyo chini yake vikabaki na kuni na koroboi. Mgao wa 2006 na 2011 mnaukumbuka, mabwawa yalipopungukiwa maji. Leo Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, na mtu wa kijijini anaunganishiwa kwa shilingi 27,000. Wazee wetu wamekufa wakiusubiri umeme huu, halafu kipande cha mwisho, kutoka kwenye mita hadi kwenye soketi, kishoka, fundi wa mitaani asiye na leseni, anakiharibu kwa siku moja.

Sikilizeni hesabu ya eathi. Waya wa moto ukigusa bodi ya friji, umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini. Kama rodi yako ina ukinzani wa omu 50, volti 230 zitapitisha ampea 4.6 tu. Sakiti breka ya ampea 20, swichi inayojikata umeme ukizidi, haitashtuka hata kidogo, na bodi ya friji itaendelea kuwa na umeme usiku kucha. Kwa hiyo weka RCD ya miliampea 30, swichi inayokata yenyewe ikihisi umeme unavuja. Wala usijidanganye kwamba ukiwa na RCD rodi haina kazi: bila rodi, RCD inasubiri mpaka mtu aguse ndipo ikate.

Rodi izame yote, mahali penye unyevu, klampu ikazwe na ibaki inafikika kwa ukaguzi. Pima kiangazi, maana udongo mkavu huongeza ukinzani na kipimo cha masika kinadanganya. Ukinzani ukigoma kushuka, pigilia rodi ya pili, umbali usiopungua urefu wa rodi, kisha uziunganishe.

Mengine mnayajua, fanyeni tu. Taa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, jiko 6. Swichi ikate moto, si nyutro. Kwangua waya kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, usiichukue. Skrubu ibane shaba, isibane plastiki.

Lawama si zenu peke yenu. Wapo wakandarasi wanaouza mhuri wa kuthibitisha kazi ya umeme kwa nyumba ambayo hawajaikanyaga. Wapo wenye nyumba wanaonunua marumaru na jipsamu bila kubishana, wakifika kwenye RCD wanaona bei kubwa. Na sisi jamii tunakwenda kushangilia transfoma ikizinduliwa, hakuna anayeuliza ndani ya nyumba kumefungwa nini. Kijana uliyejifunza kwa kubeba ngazi ya fundi mwenzako, mikono unayo, wala usidharauliwe. Nenda chuo cha ufundi cha VETA ukapate hesabu na vipimo, kisha uombe leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ili usimnyenyekee tena muuza mhuri.

Kabla ya kuwasha nyumba yoyote, zima mein swichi, toa balbu, chomoa kila kifaa, tenganisha RCD. Pima kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama nyaya zinavujisha umeme, kati ya moto na eathi, nyutro na eathi, moto na nyutro. Ikisoma chini ya megaomu 1, tafuta kosa, usiwashe hata mwenye nyumba akikusihi. Ikiwa sawa, rudisha RCD, washa, ubonyeze kitufe chake cha T mbele ya mwenye nyumba, umfundishe kukibonyeza kila mwezi. Siku ambayo haikati, akuite uibadilishe siku hiyo hiyo.