Admirali Ozzel hakufa kwa hasira

Leicester, Jumapili

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, na za bibi pia. Sisi huku wazima.

Nakujibu lile la Darth Vader, yule mbabe wa jeshi la Himaya kwenye Star Wars, kwamba ni bosi wa hasira tu, anamkaba koo yeyote aliye karibu. Najua kibanda umiza kizima kiko upande wako. Irudie The Empire Strikes Back, ile filamu ya 1980, ila safari hii msahau stelingi. Mfuatilie Ozzel, admirali wa manowari za angani za Vader.

Kosa lake la kwanza linakuja mapema na wengi hulipita. Roboti la upelelezi linatuma picha kutoka sayari ya Hoth. Kapteni Piett anamwonyesha, Ozzel anapuuza: yeye anataka ushahidi, hataki fununu. Vader anatupa jicho mara moja tu na kusema waasi wanaopigana na Himaya wako pale, na Luke Skywalker, kijana anayemsaka, yumo. Kwa hiyo baadaye anapomwambia Ozzel kwamba ameshindwa kwa mara ya mwisho, hesabu ilishaanza zamani.

Kosa la pili ni la kazi yenyewe. Ozzel anazitoa manowari kwenye kasi ya mwanga karibu mno na Hoth, akidhani atawashtukiza. Waasi wanashtuka kweli, wanawasha ngao ya nishati, na ngao ile haipitishi mashambulizi kutoka angani. Inabidi sasa askari washushwe nje yake, watembee na yale madude ya miguu minne hadi kwenye mtambo wa ngao. Muda huo ndio waasi wanautumia kupakia na kutoroka, huku mzinga wao ukizima manowari inayowazibia njia.

Sasa angalia mpangilio. Vader anaanza kwa kumwagiza Jenerali Veers aandae askari. Akishaondoka Veers, ndipo anamgeukia Ozzel kwenye skrini. Ozzel anakabwa kwa nguvu za ajabu za Vader, bila kuguswa, akiwa chumba kingine kabisa, na angali anatapatapa, Piett aliye ubavuni mwake anapokea maagizo na cheo. Mwenye hasira hapangi kazi hivyo.

Simtetei Vader, lakini. Kapteni Needa aliipoteza meli ya Han Solo, rubani wa upande wa waasi, kwa kuwa ilijibandika nyuma ya mnara wa manowari yake mwenyewe. Akabeba lawama yote, akaenda kumwomba Vader radhi ana kwa ana. Radhi ikapokelewa naye yuko sakafuni, maiti. Baada ya hapo nani atakimbilia kupeleka habari mbaya? Na Piett akaonywa palepale asishindwe tena.

Akashindwa. Mafundi wake walikizima kifaa cha kasi ya mwanga cha meli ile ya Solo, ambayo sasa imembeba Luke; roboti R2-D2 akakiwasha, meli ikatoweka mbele ya macho yao. Piett kasimama anaisubiri koo yake. Vader anageuka, mikono nyuma, anaondoka bila neno.

Mimi naona kipimo hakikuwa kosa, kilikuwa Luke. Wakati wa Ozzel, kijana bado anasakwa. Wakati wa Piett, ameshaambiwa kwamba Vader ndiye baba yake, na akaona bora ajitupe shimoni. Kwa hilo hakuna afisa wa kukabwa.

Na kuna jambo hamkuligusa kabisa. Ozzel angetokea mbali kama inavyotakiwa, mashambulizi yakaanza kabla ngao haijawashwa, Luke angekuwa chini ya moto ule. Waulize hilo wenzako kibandani, uniandikie wamejibu nini.

Mjomba wako