Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Mipapindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, mche utakaoupanda leo ni mpapindi, mti wa jamii ya mnazi. Hauoti wenyewe popote duniani ila Pemba, na ngome yake ni Msitu wa Ngezi. Jamaa zake karibu wote wako Madagaska na Komoro. Mwaka 1962 wataalamu waliupa jina la kisayansi lenye jina la kisiwa hiki ndani yake. Jina la ukoo wake wamelibadilisha zaidi ya mara moja, la Pemba wameliacha.

Wengi huuchanganya na ule mti wa mapambo wa mahotelini, ambao asili yake ni Madagaska. Ule una vikonyo vya manjano na majani yaliyoinuka kama mfereji. Mpapindi ni kijani, majani yake yamelala bapa, na tunda lake likiiva ni jekundu. Karara, yaani ganda linalofunika maua, ikipasuka, litazame shada la maua kwa karibu: maua hukaa matatu matatu, la kike katikati, ya kiume mawili ubavuni.

Mheshimiwa, wapo wanaong'oa machipukizi ya ubavuni mwa shina msituni wakidhani wamepata njia ya mkato. Chipukizi lina mizizi michache, ikikatwa hulemewa na makuti yake, na mengi hufa. Njia ni mbegu.

Huokotwa matunda mekundu yaliyoanguka, hayo tu. Nyama ifikichwe kwa mchanga na maji siku hiyohiyo au ya pili. Ikiachwa huchacha, ikaleta ukungu na sisimizi. Kisha mbegu zilowekwe siku nzima, maji yabadilishwe, zinazoelea zitupwe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mbegu hii si karafuu ya kuanikwa jamvini. Ikikauka imekufa, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Udongo wa kuotesha ni ndoo mbili za mchanga kwa ndoo moja ya mboji. Mchanga usiwe wa pwani, chumvi yake huunguza mizizi. Mbegu ifukiwe sentimita moja, chini ya kivuli cha makuti, na udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Baada ya hapo ni subira, kwani hazichomozi zote pamoja, na anayefukuafukua kuangalia huvunja kizizi. Mche ukihamishwa, mbegu iliyoshikana nao isibanduliwe. Bado unakula humo.

Viriba, yaani mifuko ya kukuzia miche, viwe virefu, sentimita 25, maana mzizi hutangulia chini. Mche ukichelewa kutolewa, mizizi hujizungusha ndani na mti hudumaa hata ukipandwa pazuri.

Shimo la leo ni sentimita 45 kila upande, na mti hadi mti ni mita 3, kwa sababu mpapindi huota kwa kichaka. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi, ikifukiwa huoza. Tumechagua mwanzo wa masika ili mvua isaidie, lakini Januari na Februari ijayo maji yatabebwa kwa ndoo. Na mbuzi, Mheshimiwa! Kila shina lina moyo mmoja tu, juu kabisa. Mbuzi akiula, shina hilo halichipui tena.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. Kwanza, utusemee kwa wahusika wa misitu tupate kibali cha kuokota matunda yaliyoanguka Ngezi, kwa msimamizi wao na kwa kiasi watakachokipanga wao. Pili, tenki la maji la lita 1,000 karibu na kitalu. Tatu, waya wa uzio wa kuzuia mbuzi; miti ya nguzo tunayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shimo lako ni la tatu kutoka mwembeni, na ndoo ya maji iko tayari. Tunaomba kuwasilisha.