YAH: Malalamiko kuhusu kukatizwa kwa matangazo ya fainali ya Kombe la Chalenji

Unguja,
Desemba 2017

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Televisheni ya Kulipia.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wa king'amuzi chenu, na ninaandika kulalamikia uamuzi wa kampuni yenu kukatiza matangazo ya fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, kati ya Kenya na Zanzibar, iliyochezwa Machakos tarehe 17 Desemba 2017. Dakika 90 zilimalizika timu zikiwa sare, na wakati tunasubiri muda wa nyongeza uanze, chaneli ilihamia kwenye mechi ya ligi ya Ulaya bila tangazo lolote, si la mdomo wala la maandishi. Kwa hiyo hatukuona mabao yaliyofanya matokeo kuwa 2-2, wala mikwaju ya penalti ambayo Kenya ilishinda kwa 3-2. Hayo tuliyasikia redioni.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinijibu kwa adabu kwamba ratiba iliitengea mechi hiyo saa mbili tu. Jibu hilo silikubali. Kila anayepanga matangazo ya mpira anajua kwamba fainali inaweza kufika dakika 120 na kuamuliwa kwa penalti. Kuitengea muda wa mechi ya kawaida ni kuamua mapema kwamba ikirefuka itakatwa. Nasi tulipandisha kifurushi kwa sababu mlitangaza kwamba mashindano haya yangeonyeshwa yote.

Lipo pia jambo la orodha ya vipindi, ambako fainali iliandikwa kuwa ni ya Kenya na Tanzania. Tanzania Bara ilikuwa na timu yake katika mashindano haya haya, na Zanzibar iliifunga 2-1 katika hatua ya makundi. Kosa hili si dogo kwetu. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, hivyo haimo katika michezo ya kufuzu Kombe la Dunia. Uanachama wa CAF, Shirikisho la Soka Afrika, iliopewa mwezi Machi mwaka huu ulifutwa mwezi Julai, na Chalenji ndiyo mashindano makubwa ambamo timu yetu bado inaingia uwanjani kwa jina lake. Kombe hili tulilitwaa mara moja, mwaka 1995, kabla vijana wengi wanaoishangilia timu leo hawajazaliwa, na safari hii tulifika fainali baada ya kumtoa bingwa mtetezi, Uganda, kwa 2-1. Mechi ya ligi ya Ulaya mngeweza kuichelewesha au kuihamishia chaneli nyingine, kwa kuwa ligi hizo mnazionyesha kila wiki na kuzirudia. Fainali yetu haikuwa na wiki nyingine.

Ninasema haya pia kwa ajili ya mashindano yenyewe. Yanatokana na Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda kupambana, na ni urithi wa majirani wote wa ukanda huu. Kampuni inayowatoza ada watu wa ukanda huu haistahili kuyafanya kijazio cha nafasi tupu katika ratiba yake.

Ninaomba mwonyeshe mechi hiyo nzima, pamoja na muda wa nyongeza na penalti, kwa saa ambayo watu wako nyumbani na baada ya kututangazia mapema. Ninaomba pia wateja waliopandisha kifurushi kwa ajili ya mashindano haya warejeshewe tofauti ya malipo, na orodha ya vipindi ianze kuitaja Zanzibar kwa jina lake. Kuhusu fainali zijazo, ninataka ahadi ya maandishi kwamba hamtaondoka uwanjani kabla mshindi hajapatikana, kwa sababu bila ahadi hiyo sitakuwa na sababu ya kulipia tena kifurushi hicho.

Ninasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu, Unguja